Jiwe la Mpaka Halihamishwi na Kompyuta

Wiki haipiti bila mtu kufika kwenye kaunta yetu hapa Nairobi na ramani aliyoichapisha kwa rangi, mstari mwekundu wa mpaka ukikata jiko la jirani. Anachotaka ni muhuri tu. Malalamiko ya aina hii yameongezeka, na wengi wanaoyaleta hawana nia mbaya. Ploti ya Ruai au Utawala imekula akiba ya miaka mingi, na mtu ana haki ya kuichungulia.

Majuzi walikuja mzee na mwanawe, kipakatalishi mkononi. Kijana alikuwa amechukua koodineti (nambari zinazoonyesha mahali) za pembe nne kutoka kwenye plani ya upimaji, akazifungua kwenye QGIS, programu ya ramani, juu ya picha ya setilaiti. Ploti iliangukia katikati ya barabara ya lami. "Tumeuziwa barabara," mzee akasema, na tayari alikuwa ameshamwona wakili. Nilimwomba kijana asimamishe kipanya juu ya jina la tabaka la ploti, yaani mchoro wa ploti uliowekwa juu ya picha, asome kile kijisanduku kinachotokea. EPSG 32737, nambari ya mfumo wa koodineti wa WGS 84. Tukabadilisha ikawa 21037, ya mfumo wa Arc 1960, na ploti ikateremka kuelekea kusini kwa mita zipatazo 300, ikatua ndani ya ua wa mzee, kando ya tangi lake la maji.

Plani nyingi za upimaji nchini zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, unaotumia umbo la dunia la Clarke la 1880. Simu na picha za setilaiti hutumia WGS 84. Mifumo hii miwili haikubaliani kitovu cha dunia kiko wapi, na hapa kwetu mzozo huo hugeuka kuwa hizo mita 300. Koodineti zenyewe zinafanana kwa sura, ndiyo maana zinalaghai. Plani za zamani zilizochorwa kwa Cassini, mtindo wa zamani wa kuchora ramani, tena kwa futi, ni kisa kingine. Hizo msizijaribu nyumbani.

Kuna pia wanaozunguka ploti na simu. Simu nzuri, penye mbingu wazi, hukosea kwa mita kama 5. Kati ya maghorofa ya mtaa wa Pipeline hukosea zaidi. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina upana wa mita 15. Fanyeni hesabu kabla ya kumpigia jirani kelele.

Programu yenyewe haina kosa. QGIS imekuwapo tangu 2002, haina malipo, na sisi wenyewe tunaitumia kando ya ArcGIS, programu nyingine ya ramani. Ukitaka kuchora mafuriko ya 2024 yalifika wapi, au kuhesabu nyumba zilizo karibu na mto, itakufaa sana. Ila nimeletewa ukanda wa mto (eneo linalolindwa kando ya mto) wa "mita 30" uliopimwa wakati tabaka liko kwenye digrii badala ya mita. Programu ilitii: ilichora digrii 30, ukanda unaotoka Nairobi na kukaribia Cairo. Na hata mita zikiwa sahihi, Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 zilitaja kati ya mita 6 na 30 kila upande, kwa kuzingatia kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa, si kutoka kwenye mstari wa buluu uliouchora wewe katikati ya mto.

Sasa utaratibu. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinasema kwamba, isipokuwa pale rejista inapoonyesha kuwa mipaka imewekwa rasmi, ramani ya upimaji huonyesha mipaka kwa makadirio tu. Hiyo ni ramani ya serikali, sembuse yako. Kifungu hicho hicho kinazuia mahakama kusikiliza mgogoro wa mpaka kabla mpaka haujaamuliwa kwa njia iliyowekwa. Kwa hivyo wakili si kituo cha kwanza. Fanya upekuzi rasmi wa rejista ya ardhi. Kwa Nairobi hufanyika kupitia Ardhisasa, huduma ya ardhi ya serikali mtandaoni, iliyozinduliwa Aprili 2021. Nunua ramani ya eneo lako kutoka idara ya upimaji, kule Ruaraka. Ajiri mpimaji mwenye leseni, na umwombe aionyeshe leseni hiyo. Mgogoro ukibaki, andikia Msajili wa Ardhi. Majirani wapewe ilani na nafasi ya kusikizwa, kisha ataonyesha mpaka ulipo. Kung'oa au kusogeza bikoni, yaani jiwe la mpaka, bila idhini ni kosa la jinai, lenye faini au kifungo, na "kompyuta ilionyesha hivyo" si utetezi.

Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya ushauri wa kisheria kuhusu ploti yako. Ukija kutuona, leta faili yenyewe pamoja na nambari ya mfumo uliotumia. Picha ya skrini iliyotumwa kwa WhatsApp hatuwezi kuifungua kwenye chochote.