Kupiga Windows kwa DVD: wanayosema watu na yalivyo

"Piga Windows upya, itapona."

Yaani uisakinishe upya. Ndiyo dawa inayotajwa kwanza kompyuta ikiwa nzito. Kama tatizo ni virusi au faili za mfumo zilizoharibika, kweli itapona. Ila kama diski kuu inakufa, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ina kasoro au feni imeziba kwa vumbi, Windows mpya itaugua ugonjwa uleule. Mara nyingi dalili hujitokeza wakati wa kusakinisha: kazi inaganda kila mara kwenye asilimia ileile, au inadai faili halisomeki, na DVD hiyohiyo imemaliza kazi vizuri kwenye mashine nyingine. Hapo pima diski na RAM kabla hujamwita fundi wa pili.

"Ukiwasha kwa DVD tu, kila kitu kimefutika."

Hapana, na hofu hii imewapotezea watu picha na kazi zao bure. Kompyuta ikiwaka kwa DVD, inapakia mfumo mdogo kwenye RAM, na diski yako bado haijaguswa. Hata Windows ikiwa imekataa kabisa kuwaka, unaweza kuokoa mafaili kwanza. Kwenye ukurasa wa kuchagua lugha bonyeza Shift na F10. Kitafunguka kidirisha cheusi. Andika notepad, kisha nenda File, halafu Open, na uchague kuonyesha mafaili ya aina zote. Dirisha hilo dogo litakuonyesha diski zako, nawe utanakili folda kwenda kwenye flashi kwa kubofya kitufe cha kulia cha mausi. Usishtuke ukikuta C yako inaitwa D; humo herufi hubadilika. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaoifanya isisomeke bila ufunguo, utahitaji kwanza ule ufunguo wa tarakimu 48.

Kinachofuta ni wewe, kwenye ukurasa wa patisheni, yaani vipande ambavyo diski imegawanywa. Pale hakuna C wala D, kuna Partition 1, 2, 3, na watu wanabahatisha. Angalia ukubwa wa kila moja kabla ya kubonyeza Delete au Format. Na usijidanganye kwamba mafaili yako hayako C: kwa kawaida Desktop, Documents na Downloads zote ziko humohumo. Ukisakinisha juu ya patisheni hiyo bila kuiformati, ya zamani yatahamishiwa kwenye folda ya Windows.old, lakini mimi nisingeiita hiyo bekapu.

"ISO nimeweka kwenye DVD, mbona haiwaki?"

ISO ni picha ya diski, yaani faili moja lenye nakala nzima ya DVD. Umelinakili faili, hukuichoma picha hiyo. Ifungue DVD hiyo: ukiona faili moja tu lenye .iso, hiyo ni stoo, haiwezi kuwasha kitu. Iliyochomwa sawasawa huonyesha folda za boot na sources, na setup.exe pembeni. Tena ISO za Windows 11 zimepita GB 5, na DVD ya kawaida hubeba GB 4.7. Tumia flashi ya GB 8 na Rufus, programu ya kutengeneza flashi inayowasha kompyuta, yaishe.

"Kila ikisema bonyeza kitufe, bonyeza."

Maneno "Press any key to boot from CD or DVD" huja tena kompyuta inapojizima na kujiwasha katikati ya kazi. Ukibonyeza mara hiyo ya pili, unarudishwa mwanzo kabisa, na watu wanazunguka hivyo jioni nzima wakiilaumu DVD. Bonyeza mara ya kwanza tu, kisha toa mikono.

"Bila product key (ufunguo wa leseni) lazima ukrak, uvunje ulinzi wake."

Laptop nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au toleo la baadaye zina ufunguo huo ndani ya ubao mama wenyewe. Kuanzia Windows 10, leseni hukumbukwa pia kwenye seva za Microsoft kwa kulinganisha na mashine yako. Chagua kwamba huna ufunguo, sakinisha toleo lilelile lililokuwepo, Home kwa Home au Pro kwa Pro, kisha unganisha intaneti.

"Windows 7 ni nyepesi, inaingia popote."

Jaribu kwenye mashine yenye milango ya USB 3.0 pekee. DVD yake ya asili haina draiva (programu za kuendesha kifaa) za milango hiyo, kwa hiyo ukurasa wa kwanza unafunguka vizuri kabisa, halafu mausi na kibodi za USB zinakataa.