Gdańsk au Danzig: mji mmoja, ndimi mbili

Daniel Gabriel Fahrenheit, yule ambaye jina lake limo katika vipimajoto, alizaliwa mwaka 1686. Kitabu kimoja kitakuambia alizaliwa Danzig, Ujerumani. Kingine kitasema Gdańsk, Poland. Sisi tunaotunza nyaraka huulizwa mara kwa mara kipi kimekosea. Mji ni uleule, bandari ya Bahari ya Baltiki karibu na mahali mto Wisła unapoingia baharini. Penye kosa ni pale palipoandikwa "Ujerumani": mwaka 1686 mji huo ulikuwa chini ya mfalme wa Poland, na dola iitwayo Ujerumani ilikuwa bado haijazaliwa.

Jina lenyewe ni la zamani mno. Limetajwa katika habari za maisha ya Mtakatifu Adalbert, askofu wa Praha aliyefika hapo mwaka 997 akabatiza watu. Mwandishi wake wa Kilatini aliliandika Gyddanyzc. Wanaisimu wengi hulihusisha na mzizi wa Kislavoni wenye maana ya unyevu au ardhi chepechepe, na anayeitazama delta ya Wisła hana sababu ya kuwabishia. Wajerumani walilitamka Danzig. Wakashubi, Waslavoni wenyeji wa eneo hilo, husema Gduńsk. Kwa hiyo Danzig ni jina lilelile lililopita katika ulimi mwingine, kama Kilwa ilivyoandikwa Quiloa na Wareno. Ile ń yenye alama juu hutamkwa karibu na ny yetu, basi alama hiyo isiachwe.

Mwaka 1308 mji ulitekwa na watawa wapiganaji wa shirika la Teutoni, ambao walikuwa Wajerumani, na watu wengi waliuawa. Mwaka 1454 wakazi waliwaasi watawa hao wakajiweka chini ya mfalme Kazimierz wa Nne wa Poland. Hapa ndipo wasomaji huteleza, kwa maana wengi wa waasi hao wenyewe walisema Kijerumani! Ni wafanyabiashara waliochoshwa na kodi. Mfalme aliwapa haki ya kujitawala na kutengeneza sarafu, na nafaka ya Poland iliyoteremka kwa mto Wisła ikapita mikononi mwao kwenda Uholanzi na kwingineko. Taji lililo juu ya misalaba miwili katika nembo ya mji ni zawadi ya mfalme huyo, ya mwaka 1457.

Mtazame Johannes Hevelius, mtengenezaji wa bia aliyepanga darubini zake juu ya mapaa ya nyumba zake mjini humo. Alisema Kijerumani, akaandika vitabu vyake kwa Kilatini, na mwaka 1684 akalipa kundi la nyota jina la Ngao ya Sobieski, kumtukuza mfalme wake, Jan Sobieski wa Poland. Ukimwuliza mtu kama huyo yeye ni Mjerumani au Mpoland, nadhani angekujibu kwa kukutajia mji wake.

Swali hilo lilipata makali baadaye. Prusia, ufalme wa Kijerumani, iliuchukua mji mwaka 1793. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1920, ukafanywa Mji Huru wa Danzig chini ya Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo: si Ujerumani, si Poland, una sarafu na stempu zake, wakazi wake wengi wakiwa Wajerumani, huku forodha ikiwa ya Poland. Mpango huo haukumridhisha mtu. Poland ilijijengea bandari yake Gdynia, kilomita chache tu kutoka hapo. Tarehe 1 Septemba 1939 manowari ya Ujerumani, Schleswig-Holstein, ilifyatulia mizinga ngome ya Wapolandi ya Westerplatte, mlangoni mwa bandari ya Danzig, na Vita vya Pili vikaanza.

Mwaka 1945 mji wa kale ulibaki magofu. Wajerumani waliondoka au walifukuzwa, na nafasi yao ikachukuliwa na Wapolandi, wakiwamo waliotoka maeneo ya mashariki yaliyotwaliwa na Wasovieti. (Wakimbizi wa Kipolandi waliohifadhiwa Tengeru, Arusha, wakati wa vita walitoka maeneo hayohayo ya mashariki.) Nyumba zilipojengwa upya, wajenzi walipendelea sura za kabla ya 1793 na kuacha mengi ya Kiprusi. Picha nzuri unazoziona leo ni historia iliyochaguliwa. Na mgomo wa Agosti 1980 katika kiwanda cha meli, uliozaa chama cha wafanyakazi cha Solidarność, yaani Mshikamano, ni wa Gdańsk, wa watu hao na watoto wao.

Katika kuorodhesha nyaraka, sisi huandika Gdańsk kwa mji wa leo na kwa vipindi vya ufalme wa Poland, na Danzig kwa enzi ya Prusia, Ujerumani na ule Mji Huru, kisha jina la pili huliweka pembeni ili mtafutaji asipotee. Manowari ya Kijerumani Bussard, iliyokuwa pwani ya Afrika Mashariki wakati wa Vita vya Maji Maji mwaka 1905, iliundwa katika mji huu. Katika kadi yake tumeandika Danzig.