Tour de France: mbio zilizokatazwa kusaidiana

Kila Julai, vijana ninaowafundisha mbio za baiskeli za barabarani huniuliza swali lilelile wakitazama Tour de France, mbio za baiskeli za kuzunguka Ufaransa: kwa nini mtu mwenye miguu mizuri namna ile anakubali kuwabebea wenzake chupa za maji, kuwakinga upepo siku nzima, kisha anaachwa nyuma mlimani? Jibu langu huwa refu, maana mtu aliyeanzisha mbio hizi aliyapiga marufuku mambo hayo.

Aliitwa Henri Desgrange. Kabla ya kushika kalamu alikuwa mwendesha baiskeli, na mwaka 1893 aliweka rekodi ya saa moja uwanjani kwa kwenda kilomita 35.325. Ukitaka kuielewa Tour, anzia hapo. Rekodi ya saa ni mtu mmoja, baiskeli moja na saa ya mkononi mwa mwamuzi. Hakuna wa kumtangulia wala wa kumpokea. Desgrange aliamini huo ndio mchezo wenyewe, na imani hiyo aliibeba hadi kaburini.

Mwaka 1902 alikuwa mhariri wa gazeti la michezo la Paris, L'Auto, lililokuwa likizidiwa na mpinzani wake, Le Vélo. Novemba mwaka huo mwandishi wake kijana, Géo Lefèvre, akatoa wazo mezani wakati wa chakula cha mchana: tufanye mbio za kuzunguka Ufaransa, kwa hatua, yaani kipande kwa kipande, mji hadi mji, ili wasomaji wanunue gazeti wajue nani anaongoza. Julai 1, 1903, watu 60 waliondoka Montgeron, nje kidogo ya Paris. Hatua zilikuwa 6 tu, jumla kilomita 2,428, na ile ya kwanza hadi Lyon ilikuwa kilomita 467, kwa hiyo walikanyaga pedeli usiku kucha kwenye vumbi na mawe, kwa baiskeli zisizobadilisha gia. Waliomaliza walikuwa 21. Maurice Garin, aliyewahi kuwa msafisha dohani, alimwacha wa pili kwa karibu saa tatu. Mauzo ya L'Auto yalizidi maradufu, na mwaka uliofuata Le Vélo likafungwa.

Hesabu ya mbio za hatua ni rahisi: muda wako wa kila siku hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Ndiyo maana mtu anaweza kutwaa taji bila kushinda hatua hata moja, kama Greg LeMond mwaka 1990 na Chris Froome mwaka 2017. Lakini barabara tambarare ina adui asiyeonekana, nao ni upepo. Anayekaa nyuma ya mwenzake huokoa nguvu nyingi, kwenye mwendo wa kasi hata karibu theluthi. Desgrange angeweza kuandika kanuni apendavyo, upepo usingemsikiliza. Waendeshaji waligundua mapema kwamba wawili wanaopokezana mbele humshinda mmoja aliye bora kuliko wao.

Yeye akang'ang'ania. Kanuni yake ilisema baiskeli ikiharibika, mwenyewe aitengeneze bila msaada. Mwaka 1913 Eugène Christophe, aliyekuwa na nafasi nzuri ya kushinda, alivunjikiwa foki ya mbele, ule uma unaoshika gurudumu, akiteremka mlima Tourmalet katika safu ya Pyrenees. Aliibeba baiskeli begani zaidi ya kilomita 10 mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaonyeshwa kiwanda cha mhunzi, akaiunga foki kwa mikono yake huku waamuzi wamesimama wanamwangalia. Mhunzi hakuruhusiwa kugusa kitu. Mtoto mmoja alivuta mivukuto ili moto uwake, na kwa kosa hilo Christophe akaongezewa dakika za adhabu. Nimeifikiria adhabu ile mara nyingi na bado inanikera. Christophe ndiye aliyekuja kuvaa jezi ya njano ya kwanza, ile ya anayeongoza mbio, mwaka 1919, na mwaka huohuo foki ikamvunjikia tena. Hakuwahi kushinda Tour.

Hasira zilikuwa zikijaa. Mwaka 1924 bingwa mtetezi, Henri Pélissier, alijitoa mbioni kwa sababu waamuzi walikuwa wakihesabu jezi mwilini mwake: ilikatazwa kumaliza na nguo chache kuliko ulizoanza nazo, hata kama alfajiri ilikuwa na baridi na mchana jua kali. Gia za kubadilisha ziliruhusiwa 1937 tu, wakati Desgrange ameshaacha usukani.

Mabadiliko makubwa yalikuja 1930, zilipoingia timu za mataifa na wenzi wa timu wakaweza kusaidiana. Matunda yake yalionekana 1934. René Vietto, kijana wa miaka 20 aliyepanda milima vizuri kuliko wengi, alimpa kiongozi wa timu ya Ufaransa, Antonin Magne, gurudumu lake la mbele, kisha akaketi ukutani kando ya barabara akilia, akisubiri lingine. Alipigwa picha palepale. Kesho yake Magne akaharibikiwa tena akiwa nyuma ya Vietto, naye Vietto akageuza baiskeli, akaupanda upya mlima aliokuwa anateremka, akamwokoa. Magne akashinda Tour. Vietto alimaliza wa tano, na Wafaransa wengi wakampenda kuliko mshindi.

Wasomaji wa Kenya wanamjua mtu aliyepita njia hiyo. Chris Froome alizaliwa Nairobi na akafundwa baiskeli na David Kinjah huko Kikuyu. Kwenye Tour ya 2012, mlimani La Toussuire, alimtoka kiongozi wake Bradley Wiggins, akaitwa kwenye redio, akapunguza mwendo na kumsubiri. Wiggins alishinda, Froome akawa wa pili. Mwaka uliofuata timu ilimfanyia kazi yeye, akashinda, kisha tena 2015, 2016 na 2017.

Vijana wangu wakishasikia haya huuliza kuhusu pesa, nami huwajibu: mshindi wa jumla hupewa yuro 500,000, na kwa desturi ya mchezo huu huzigawa kwa wenzake wa timu.