Mita dakani, birika chooni: bili ya maji huhesabiwaje?

Mwaka jana, Maulidi yalipokwisha na wageni kuondoka, bibi mmoja wa mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, alimtuma mjukuu wake aje kuniita. Nilikuwa barazani na kikombe cha kahawa. "Fundi, bibi asema ukaliondoe lile dude."

Dude lenyewe ni mita ya maji. Ilikuwa imefungwa dakani, pale kwenye ukumbi wa mlangoni, muda si mrefu, na bili yake ya kwanza ilikuwa imekuja: uniti 10. Kabla ya hapo bibi alikuwa akilipa kiasi kimoja kila mwezi, awe na wageni asiwe nao. Nilipofika hakunipa hata nafasi ya kuketi. "Mai ni ya Mngu, mwanangu. Mbona mwayapima?"

Sisi mafundi tuna jibu la kujitoa: maji ni ya Mungu, bomba ni la watu. Ni jibu zuri la barazani, lakini mwenye bili ya uniti 10 mkononi halimfai kitu. Nikavuta kigoda tukaanza na hesabu, na ndiyo hesabu ninayotaka kuieleza hapa, kwa sababu nyumba nyingi mjini zinagombana na mita bila kuisoma.

Uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, au mitungi 50 ile ya lita 20. Ukifunua kifuniko cha mita utaona tarakimu nyeusi na nyekundu. Nyeusi ni uniti kamili, na hizo ndizo anazoandika msomaji. Nyekundu ni vipande vya uniti, yeye hana haja nazo, lakini wewe unazo, nitarudi hapo. Mwezi uliopita ilisoma 412, sasa inasoma 421, basi umetumia 9. Nyumba ya watu sita ikitumia uniti 9 kwa siku 30, kila mtu kapata lita 50 kwa siku. Shirika la Afya Duniani husema mtu anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua, kwa hiyo nyumba hiyo haifuji.

Sasa rudi kwa bibi. Uniti 10, watu wawili. Inatoka zaidi ya mitungi minane kwa kila mtu kila siku. Mwanamke anayeoga kwa kata hamalizi mitungi minane hata akitaka.

Kabla sijasema maji yalikuwa yakienda wapi, tuitazame ile bili ya zamani aliyokuwa akiililia. Bili isiyo na mita haikuulizi umetumia kiasi gani. Lazima ishike kipimo kingine: chumba, nyumba, idadi ya mifereji, au makadirio tu. Usidhani ni mambo ya huku kwetu pekee. England hadi leo kuna nyumba zisizo na mita, na bili zao zinafuata thamani ya kukodisha ya nyumba kwa makadirio ya mwaka 1973, na orodha ile ikafungwa 1990. Nyumba zilizojengwa baada ya hapo kwa kawaida hufungwa mita. Huko watu wana kanuni yao nyepesi: vyumba vya kulala vikizidi watu, omba mita, watu wakizidi vyumba, nyamaza.

Kanuni hiyo ukiileta Langoni, mtaa mwingine wa Lamu, kwenye ploti ya vyumba sita na choo kimoja, utaielewa mara moja. Mwenye nyumba anatoza maji bei moja kwa kila chumba. Chumba cha kwanza yupo mama mmoja peke yake, mchana kutwa yuko kazini. Chumba cha tatu wamo mtu na mkewe na watoto wanne, wawili wa nepi. Wote wanalipa sawa. Yule mama analipia maji ya kufulia nepi za watoto asiowazaa. Na mfereji wa uani ukianza kutiririka hakuna anayenunua hata mpira wa kuzibia, maana bei haipandi. Niliwahi kuutegea mfereji wa namna hiyo chupa ya nusu lita: ilijaa kwa dakika 10. Hizo ni lita 72 kwa siku, uniti 2 na kidogo kwa mwezi, zinakwenda na maji machafu.

Lakini mita nayo isipewe sifa isizostahili. Bei za maji ya mita kwa kawaida hupanda kwa ngazi: uniti za mwanzo rahisi, zinazofuata ghali, za juu ghali zaidi. Nia ni mnyonge apate maji ya lazima kwa bei nafuu. Nia hiyo inavunjika pale mita moja inapogawanywa na nyumba nne. Chukua bei za mfano tu, si za ofisi yoyote: uniti 6 za mwanzo shilingi 60 kila moja, ya 7 hadi ya 20 shilingi 90, zaidi ya hapo 120. Nyumba inayotumia uniti 6 na ina mita yake italipa 360. Nyumba nne kama hiyo chini ya mita moja zinatumia 24: hapo ni 360, jumlisha 1,260, jumlisha 480, jumla 2,100. Gawa kwa nne, kila nyumba 525. Hakuna aliyemwaga hata tone, ila wamepandishwa ngazi kwa kuwa wako pamoja. Mwenye nyumba akiwafungia mita ndogo za ndani, mtajua nani katumia nini na ugomvi utapungua, ila ngazi haishuki. Inashuka kila nyumba ikiwa na akaunti yake.

Jambo jingine ni hewa. Maji ya mgao yakirudi, hewa iliyokaa bombani hutangulia, na mita huzungushwa na hewa kama inavyozungushwa na maji. Ukisikia mfereji unapiga mluzi, funga koki iliyo baada ya mita, ngoja kidogo, kisha fungua. Hewa itatafuta pa kutokea kwa jirani, naye mpe ushauri huu huu.

Huwa naambiwa: basi bei moja ndiyo raha, nikivujisha sipati hasara. Pengine penye mto huenda ikawa hivyo. Mji wa Lamu unakunywa maji ya visima vya milima ya mchanga ya Shela. Mvua inanyesha juu ya mchanga, inazama, na maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake zinaelea kama mita 40. Maana yake ni kwamba ukivuta mpaka juu papungue mita moja tu, chumvi inaweza kupanda mita 40 kutoka chini. Kisima kikishaingia chumvi si suala la kungoja wiki moja. Kwa hiyo tone la mfereji wa ploti lina gharama, hata kama halimo kwenye bili ya mtu.

Haya, za bibi. Usiku saa tatu tulifunga mifereji yote, mjukuu akaandika tarakimu nyekundu kwenye daftari la shule. Mita nyingi zina kinyota kidogo kinachozunguka hata maji yakipita kwa uchache. Nilimulika tochi, kikawa kinakwenda polepole kama mtu asiye na haraka. Alfajiri baada ya adhana mjukuu akasoma tena: lita 66 zimepita, nyumba nzima imelala.

Ilikuwa birika, lile tangi la maji lililojengwa chooni. Maji yanashuka, mpira unaoelea unashuka nayo, koki inafunguka, birika linajaa tena, usiku kucha. Ukuta wa mawe ya matumbawe unakunywa bila kelele. Chokaa ya nyuma ilikuwa imeshavimba na kubanduka, na bibi alidhani ni uzee wa nyumba. Kwa muda gani? Hajui, maana bili ya bei moja haikumwambia.

Tulilikausha. Samaki wake watatu, wale wa kula viluwiluwi vya mbu, wakahamia kwenye ndoo. Ufa ulikuwa pembeni chini, mwembamba kama ukucha. Nikaukwangua, nikauziba, tukaacha siku nne. Mwezi uliofuata bili ilikuja na uniti 4.

Bibi hajasema tena niliondoe lile dude. Amelishonea pazia.