Kuhesabu mifuko ya taka ndani ya seli

Kichupa chenyewe hakifiki urefu wa kidole gumba, na kilichomo ni matone mawili matatu tu. Wageni wanaozuru maabara yetu hapa Nairobi hudhani ni chanjo. Si chanjo wala dawa, na hachomwi mtu. Ni kingamwili ya utafiti iliyotolewa kwa sungura, na kazi yake ni moja: kuitafuta protini iitwayo LC3 na kuing'ang'ania.

Kwa nini LC3? Kila seli hula sehemu zake zilizochakaa. Mbelgiji Christian de Duve aliliita jambo hilo otofajia, yaani kujila, mwaka 1963. Yoshinori Ohsumi wa Japani naye akatunukiwa Nobel mwaka 2016 kwa kuonyesha, kupitia hamira, jeni zinazoliendesha. Seli huunda kifuko cha utando, hutia humo protini zilizoharibika, kisha kifuko huungana na lisosomu, ambamo vimeng'enya husaga kila kitu. LC3 kwa kawaida huelea tu ndani ya seli. Hiyo ni LC3-I. Kifuko kikianza kujengwa, LC3 hubandikwa mafuta na kunasa kwenye utando wake. Hapo inakuwa LC3-II.

Kuiona, tunazipasua seli, tunatenganisha protini zake kwa umeme ndani ya jeli, tunazihamishia kwenye karatasi nyembamba, kisha tunamwagia kingamwili. Hutokea mistari miwili, mmoja karibu na kilodaltoni 16 (kipimo cha uzito wa protini), ndio LC3-I, na wa pili karibu na 14, ndio LC3-II. Mwanafunzi mgeni huisoma kinyume, maana ile yenye mafuta, ambayo kwa hakika ndiyo nzito, ndiyo hukimbia mbele ikaonekana nyepesi.

Hilo hurekebishika kwa dakika tano. Kosa linaloharibu utafiti mzima ni kuona mstari wa LC3-II umenenepa, ukatangaza kwamba otofajia imeongezeka.

Chukua ploti ya ghorofa sita kule Umoja. Asubuhi unakuta mifuko ishirini ya taka imerundikana getini. Je, wapangaji wamefanya usafi wa nguvu, au lori la kwenda jalala la Dandora halijapita wiki mbili? Ukihesabu mifuko peke yake, hutajua. LC3-II ndiyo mifuko hiyo, na lisosomu ndiyo lori.

Kwa hiyo lori tunalizuia sisi wenyewe. Tunagawa seli makundi mawili. Moja tunalitia kizuizi, bafilomisini au klorokwini; la pili tunaliacha. Ndiyo, klorokwini ile ile chungu ya malaria, iliyotufanya tujikune usiku kucha. Vizuizi hivi huipunguzia lisosomu tindikali yake, taka zikakosa kusagwa. LC3-II ikipanda baada ya kuzuia, mifuko ilikuwa ikifungwa na kuchukuliwa kama kawaida. Isiposogea, basi huenda lori lilikwama kitambo, au hakuna aliyekuwa akifunga mifuko. Bila jozi hiyo, mimi siweki sahihi kwenye matokeo ya mtu.

Siku hizi naulizwa sana kama kufunga kula huongeza otofajia. Ni kweli, seli zikinyimwa chakula kwenye sahani ya maabara, otofajia hupanda, nasi tunaiona baada ya saa chache. Lakini hizo ni seli za sahani. Anayekuuzia ratiba ya kufunga kwa WhatsApp akikuahidi saa kamili ambayo mwili wako utaanza kujisafisha, hakupima chochote ndani yako.

Kingamwili hii ni ghali, tena haipendi kugandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara. Mwaka fulani stima ilipotea wikendi nzima, jenereta ikagoma, na Jumatatu tukakuta friza ina maji chini. Tulirudisha kichupa kwenye baridi na kuendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Mistari ikaja hafifu, tukapoteza mwezi mzima tukilaumu seli. Sasa kichupa kikifika tunakigawa siku hiyo hiyo katika vichupa vya maikrolita 10, kila kimoja kikiwa na tarehe yake.