Huhitaji kuzoea baridi ili usomee barafu

"Shikamoo Dokta. Kazi yako naipenda sana, ila sisi watu wa joto hiyo baridi hatuiwezi. Nishauri kozi nyingine." Ujumbe huu niliupata juzi kutoka kwa kijana aliyemaliza kemia na kupata daraja la kwanza. Ni wa tatu tangu mwezi uanze, na wote watatu walioniandikia wana matokeo ambayo profesa yeyote angeyasoma mara mbili. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nawajibu wote hapa, pamoja na kauli nyingine ninazozisikia mara kwa mara.

"Barafu ni ya watu waliozaliwa kwenye barafu"

Hii inaniumiza kuliko zote, kwa sababu mtu anajikata mwenyewe kabla hata hajaomba.

Tazama kazi yenyewe. Mimi napima zebaki kwenye barafu. Tunakata magogo ya barafu yaliyotolewa kwa keekee ndani ya chumba chenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Unavaa suti nene, unashika msumeno wa mkanda nusu saa hivi, unatoka kunywa chai ya moto, unarudi. Siku za namna hiyo nazihesabu kwa vidole mwaka mzima. Zilizobaki niko kwenye maabara ya joto la kawaida, nimevaa glavu mbili mbili, kwa sababu kiasi ninachokisaka ni nanogramu chache tu kwa lita na jasho la kidole linatosha kuharibu kazi ya wiki. Au niko mezani napambana na takwimu.

Wapo wenzangu wenye uzamivu wa barafu ya bahari ambao hawajawahi kukanyaga Aktiki. Wanategemea satelaiti. Tangu mwishoni mwa 1978 kuna rekodi isiyokatika ya eneo la bahari lililofunikwa na barafu, na tangu 2018 satelaiti ya ICESat-2 hupima kimo cha uso wa barafu kwa leza. Data zote hizo zinapakuliwa bure kutoka NSIDC, kituo cha data za theluji na barafu kilichoko Colorado, Marekani. Ukiwa Dodoma unapata faili lile lile analopata mwanafunzi wa Cambridge.

Koti utapewa na kituo. Anayetafutwa ni mtu anayejua takwimu, anayeandika programu zake mwenyewe, na anayeweza kueleza kwa nini sampuli tupu, ile isiyo na barafu inayopimwa ili kukagua uchafu, imetoa namba kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Hayo yote yanafundishwa kwenye vyuo vyetu.

Na nani amesema barafu hiyo haituhusu? Mwaka 2000 timu ya mtafiti wa barafu Lonnie Thompson ilichimba magogo sita ya barafu juu ya Kibo na kuyapeleka Chuo Kikuu cha Ohio State, kwenye kituo cha utafiti wa ncha za dunia chenye jina la Byrd, mvumbuzi aliyesafiri Antaktika. Barafu ya Kilimanjaro ilichunguzwa na watu wale wale wanaochunguza barafu ya ncha za dunia. Au chukua DDT, dawa ya kuua wadudu. Miaka ya 1960 ilikutwa kwenye miili ya pengwini wa Antaktika, mahali ambapo hakuna shamba wala nyumba ya kupuliziwa. Kemikali za aina hiyo huvukizwa kwenye joto, husafiri na hewa, kisha hutua penye baridi. Safari inaanzia kwenye nchi kama zetu, na mkemia anayeijua sehemu hiyo ya mwanzo ana jambo la kuwafundisha wengine. Hata bahari: barafu ya Greenland ni nzito kiasi kwamba huvuta maji ya bahari kuelekea kwake. Ikiyeyuka, mvuto unapungua, bahari ya jirani inashuka, na maji yanaongezeka zaidi mbali huko, ikiwemo ukanda wa tropiki. Mtu wa Unguja anayeuliza habari za Greenland anauliza habari za ufukwe wake.

Ushauri wangu ni ule ule ninaompa kila mtu: chagua seti moja ya data, kaa nayo wiki sita, utoe grafu moja unayoweza kuitetea. Mwaka jana dada mmoja alinitumia grafu ya barafu ya bahari ya Antaktika, Septemba kwa Septemba. Mstari ulipanda na kushuka kidogo kidogo, halafu 2023 ukaporomoka chini kabisa ya miaka yote. Chini yake aliandika swali moja kuhusu joto la maji ya bahari. Barua nzima ilikuwa mistari kumi. Nilimjibu siku ile ile.

"Natafuta shahada ya sayansi ya ncha za dunia"

Zipo chache, usizisubiri. Wengi wetu tumetoka kemia, jiolojia, jiografia, fizikia na sayansi ya bahari. UNIS, kituo cha masomo ya chuo kikuu kule Longyearbyen, kwenye visiwa vya Svalbard vya Norwei, nyuzi 78 kaskazini, inafundisha kozi nzuri mno tangu 1993, lakini haitoi shahada: lazima uwe umesajiliwa chuo kingine.

"Kwanza nipate udhamini, ndipo nitafute msimamizi"

Kwa uzamivu, mara nyingi ni kinyume. Norwei uzamivu ni ajira: nafasi inatangazwa, unaomba kama unavyoomba kazi, unapata mkataba na mshahara kwa miaka mitatu au minne. Ujerumani nafasi nyingi ziko hivyo pia. Kwa uzamili siwafichi, pesa ni ngumu. Tangu 2023 vyuo vya umma vya Norwei vinatoza ada wanafunzi wapya wanaotoka nje ya Ulaya.

"Ufadhili wa Ulaya wa baada ya uzamivu ni wa Wazungu"

Ule wa Marie Skłodowska-Curie wa kuja kufanya utafiti Ulaya hauulizi uraia. Unauliza umeishi wapi: usiwe umekaa zaidi ya miezi 12 kwenye nchi unayotaka kwenda ndani ya miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho. Mwenye uzamivu aliyeko Dar es Salaam yuko huru, wakati aliyesomea Ujerumani na kubaki huko ndiye anayefungiwa Ujerumani. Ila huwezi kuomba bila mwenyeji, yaani taasisi na msimamizi watakaokupokea, na mwenyeji hapatikani kwa wiki mbili.

"Lazima Ulaya"

Afrika Kusini ni miongoni mwa nchi 12 zilizotia saini Mkataba wa Antaktika mwaka 1959. Ina kituo cha SANAE IV huko Antaktika na meli ya utafiti, S.A. Agulhas II, inayoondokea Cape Town. Watu wetu wanaisahau kila mara.

"Svalbard haina viza"

Kweli, lakini ndege yako inapita Norwei. Unahitaji viza ya Schengen, yaani ya zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na iwe ya kuingia mara mbili, kwa kuwa Svalbard iko nje ya Schengen. Ya kuingia mara moja itakuacha huko bila njia halali ya kurudi.

Kijana wa kemia, ujumbe wako bado uko kwenye simu yangu. Nitumie grafu.