Muharram mosi si siku aliyohama Mtume

Kila ukiandama mwezi wa Muharram, kadi zinaanza kumiminika WhatsApp: "Siku kama ya leo Mtume (S.A.W.) alihama Makka kwenda Madina." Hakuhama. Siku hiyo alikuwa bado yuko Makka. Riwaya mashuhuri zinasema alitoka mwishoni mwa Safar, akajificha siku tatu katika pango la Thaur, akafika Quba, kando ya Madina, Rabiul-Awwal. Kwa hesabu yetu ya pwani, Muharram ni Mfunguo Nne na Rabiul-Awwal ni Mfunguo Sita. Hapo hata sheikh hahitajiki, vidole vinatosha.

Kalenda yenyewe ya Hijria ilipangwa mwaka wa 17 baada ya kuhama huko (wengine husema 16), zama za Khalifa Umar. Inapokewa kwamba Abu Musa al-Ash'ari, gavana wake wa Basra, alilalamika kuwa barua za Khalifa zinamfikia hazina tarehe. Na ikaletwa hati ya deni iliyoandikwa "Shaaban" tu. Shaaban ipi? Basi yakaamuliwa mambo mawili, na watu huyachanganya. La kwanza, miaka ihesabiwe kuanzia mwaka wa Hijra. La pili, mwaka ufunguliwe na Muharram, kwa kuwa Waarabu walishauzoea hivyo na mahujaji wanakuwa wamesharudi makwao. Kwa hiyo mwaka wa kwanza ulianza Julai 16, 622, na Mtume akafika Septemba.

Septemba ngapi? Hapa ndipo vitabu vya shule vinapopita haraka. Kwa kalenda ya hesabu, isiyongoja mwezi kuandama, Muharram mosi ya mwaka 1 ilikuwa Ijumaa. Muharram siku 30, Safar 29, jumla 59, yaani wiki nane na siku tatu. Rabiul-Awwal mosi inaangukia Jumatatu, Septemba 13. Tarehe 12 basi ni Ijumaa, Septemba 24. Lakini riwaya mashuhuri inasema aliingia Quba Jumatatu, tarehe 12! Kuandama kwa mwezi kunaweza kukusogeza siku moja, mbili ukibanwa sana, tatu, hapana. Wapo wanaoshika tarehe 8, maana Septemba 20 ni Jumatatu safi.

Tena kuna nasii, ule mtindo wa kuchomeka mwezi wa ziada, uliokatazwa katika Sura At-Tawba, aya ya 37. Iwapo ulitumika ndani ya ile miaka ya mwanzo, kila mwezi uliochomekwa unazirudisha nyuma tarehe zote za kabla yake kwa siku 29 au 30. Hata vita vya Badr, 17 Ramadhani mwaka wa 2, ambayo huandikwa Machi 13, 624 kana kwamba mtu alikuwa na saa mkononi. Mimi mwaka nauandika kwa wino, mwezi kwa penseli.

Sasa enyi wa "ongeza 622", mnaogeuza mwaka wa Hijria kuwa wa Miladia kwa kujumlisha tu. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, pungufu ya wa jua kwa siku kama 11, hivyo miaka 33 ya Hijria ni takriban 32 ya jua. Zidisha kwa 0.97 kwanza, ndipo uongeze 622. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ni ya mwaka 500. Kwa kujumlisha tu unapata 1122, umekosea miaka 15. Kwa kanuni unapata 1107. Ila kanuni inaweza kukosea mwaka mmoja, kwa hiyo tazama mwezi: mwaka 500 ulianza Septemba 1106, na maandishi yanataja Dhulqaada, Mfunguo Pili, ambayo ni Juni au Julai 1107. Bila mwezi, andika 1106/1107 utulie.

Na kwa wanaodai hesabu hii ya miaka ya Hijria ilibuniwa baadaye sana: ipo stakabadhi ya mafunjo kutoka Misri, ya kondoo 65 waliochukuliwa kwa ajili ya jeshi, iliyoandikwa Kigiriki na Kiarabu. Upande wa Kiarabu unasema Jumada l-Ula mwaka wa 22. Tarehe ya Kigiriki inaangukia Aprili 643. Zinalingana. Neno "Hijra" lakini halimo. Imeandikwa "mwaka wa ishirini na mbili", basi.